Mahali pa Harusi

Katika mila za watu wa pwani, mahali pa harusi hapakuwa jambo la kuchagua. Harusi ilikuwa kwa bibi harusi. Hata ndoa ilipofungwa msikitini, mbele ya kadhi na walii wa binti, bwana harusi aliondoka hapo akasindikizwa na jamaa zake mpaka kwa wakwe, na huko ndiko mambo yalikokamilika.

Atakaye kujua jinsi mila ilivyofungamana na nyumba na asikilize majina ya ada zenyewe. Kifungua mlango ni zawadi aliyoitoa bwana harusi ili aruhusiwe kuingia chumbani. Kipa mkono ni ile aliyompa bibi harusi walipokutana kwa mara ya kwanza. Kisha zikafuata siku saba za fungate, neno lenye asili katika hesabu ya kale ya Kibantu, kwani Wazigua huita saba mfungate. Siku hizo bwana harusi alikaa kwa wakwe zake akihudumiwa. Leo vijana husema wanakwenda fungate, kana kwamba fungate ni safari. Wazee wao waliila kwa kutulia.

Majumba ya mawe ya Lamu yalijengwa kwa kulijua jambo hili. Binti alipokaribia kuolewa, baba mwenye uwezo alimwongezea ghorofa juu ya nyumba ya zamani, au alimjengea nyumba jirani na kuziunganisha mbili hizo kwa wikio, yaani daraja lipitalo juu ya kichochoro, ili wanawake wa ukoo watembeleane bila ya kushuka njiani. Vyumba vilikuwa virefu na vyembamba, maana upana wake ulitegemea urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Kilichokuwa ndani zaidi, chenye zidaka zilizochongwa katika chokaa, ndicho kilichopambwa kwa ajili ya harusi. Kwa hiyo mji wenyewe ulikua kwa harusi za mabinti zake.

Kuolewa mbali na kwao hakukuwa fahari. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliondoka Unguja kwa siri mwaka 1866 katika manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa naye huko Aden, mji usiokuwa kwao wala kwa mumewe. Aden ilikuwa kimbilio tu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Watu hutoka mbali, wengine ng'ambo, wakachagua Mji Mkongwe wa Unguja au fukwe za Nungwi ili wafunge ndoa mahali penye historia au mandhari ya kupendeza. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mimi siwalaumu wageni hao. Mpishi, fundi cherahani na mpiga tarabu hupata riziki kwao. Ninachokichelea ni mahali kugeuzwa pazia la kupigia picha.

Tutazame Mkunazini. Hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka Sultani Barghash bin Said alipotia sahihi mkataba wa kulifunga mwaka 1873. Mwaka huo huo Wamisionari wa Kiingereza walianza kujenga kanisa juu ya kiwanja hicho, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kazi zake za lugha. Mbele ya altare pana duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa marumaru nyekundu. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa.

Mtumwa hakuweza kuoa wala kuolewa bila ya idhini ya bwana wake, na sokoni mume aliweza kuuzwa huku na mke kule. Mwalimu awapelekapo vijana Mkunazini na awaeleze hayo kabla ya kuwaonyesha madirisha na nguzo. Maana mpaka leo maharusi husimama mbele ya altare ile, hatua chache kutoka kwenye duara, wakaulizwa mmoja mmoja kama wameridhiana, nao hujibu kwa vinywa vyao wenyewe.