Chama cha Wafanyabiashara cha Kisumu na Ustawi wa Nyanza



Mara nyingi katika mikutano ya vyama kama chetu husikika swali hili: chama cha wafanyabiashara kina kazi gani kwa mtu asiye na duka? Mwenye kuuliza huwa ni mkulima, au mama auzaye samaki sokoni, na swali lake ni la haki. Tumeona yafaa tulijibu kwa historia, na historia iliyo karibu nasi ni ile ya Kisumu na Jimbo la Nyanza.

Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa mwezi wa Desemba 1901. Mahali pale palikuwa bado chini ya utawala wa Uganda, na ni katika Aprili 1902 ndipo palipotiwa katika utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza. Kwa reli na meli za Ziwa likaja soko la mbali. Ngozi, ufuta, mahindi, na baadaye pamba, vikashuka hadi Mombasa. Nguo, chumvi na majembe ya Ulaya vikapanda. Majembe ya wahunzi wa Samia, ambayo hata mahari yalilipwa kwayo, yakashindwa kwa bei. Wafanyabiashara wa Kihindi, kama Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916, ndio waliofungua maduka bandarini na kando ya njia kuu. Twasema kwa uadilifu kwamba watu hao walifanya kazi kubwa, maana walikwenda mahali ambapo benki haikuthubutu kwenda. Lakini mara nyingi mkulima hakuwa na wanunuzi wengi wa kuchagua, na mizani ilikuwa mali ya mnunuzi.

Watu wa Nyanza walianza kusema kwa umoja mwaka 1921, katika mkutano wa Lundha huko Gem, palipozaliwa chama cha vijana wa Kavirondo. Madai yao yalikuwa ya kodi, kipande na kazi za lazima. Mwaka 1923, kwa uongozi wa Arkidiakoni Owen, chama hicho kikageuka kuwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, nacho kikahimiza upandaji wa miti, uchimbaji wa vyoo na uuaji wa panya. Sisi tulio wanachama wa vyama vya ustawi twaweza kukiita babu yetu. Hata hivyo mambo ya biashara yalihitaji baraza lake lenyewe, na katika miaka iliyo kati ya vita vikuu viwili kikatokea Chama cha Wafanyabiashara Wenyeji wa Kisumu. Miongoni mwa viongozi wake walikuwa John Paul Olola na Zablon Aduwo Nyandoje. Lile neno "Wenyeji" katika jina lina maana yake: Wazungu walikuwa na vyama vyao vya biashara, Wahindi vyao, na kila taifa lilikwenda kwa serikali kwa mlango wake.

Ili tufahamu chama hicho kilishindana na nini, yapasa tueleze habari ya mkopo, maana hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwenye duka wa Kihindi hakununua bidhaa zake zote kwa fedha taslimu. Tajiri wa jumla alimpa nguo na sukari kwa ahadi, naye akalipa baada ya mavuno watu walipokuwa na fedha. Kwa Mwafrika mambo yalikuwa mbali. Sheria za ukoloni zilikataza deni la Mwafrika lililozidi kiasi kidogo kudaiwa mahakamani, isipokuwa liwe limeidhinishwa na ofisa wa serikali. Sheria hizo zilielezwa kuwa ni za kumkinga Mwafrika asizame katika madeni. Lakini ni tajiri gani atakayetoa mali yake kwa mtu asiyeweza kumdai? Basi Mwafrika mwenye shilingi mia mbili alipata bidhaa za shilingi mia mbili, na jirani yake mwenye fedha zile zile alijaza duka lake mara kadhaa zaidi. Kisha watu wakasema kwamba Mwafrika hajui biashara.

Mwaka 1935 ikaja sheria ya uuzaji wa mazao ya wenyeji. Sheria hiyo iliamuru kwamba mazao yaliyotajwa yanunuliwe katika masoko yaliyowekwa na kwa wanunuzi wenye laiseni. Ilikuwa na nyuso mbili. Kwa upande mmoja ilileta ukaguzi wa mazao na mizani ya wazi, na ploti za masokoni zikawapa Waafrika wengi nafasi ya kusimamisha duka la kwanza la bati. Kwa upande wa pili, yule mchuuzi mdogo aliyezunguka vijijini akinunua debe moja moja, akawa mvunja sheria kwa siku moja. Ploti nazo zilielekea kwa watu waliokuwa karibu na machifu na mabaraza.

Hapa twatoa maoni yetu bila kuficha. Mwenye duka na mkulima si mtu mmoja. Mwenye duka hutaka kununua mahindi kwa bei ya chini, na mkulima hutaka kuyauza kwa bei ya juu. Chama cha wafanyabiashara kilipodai barabara, masoko, mizani ya haki na ruhusa ya mkopo, kilimsemea mkulima pia, ajapokuwa si mwanachama. Kilipodai laiseni kwa ajili ya watu wake tu, kilijisemea chenyewe. Na akina mama, ambao walikuwa wakibadilishana nafaka, samaki na vyungu sokoni kabla ya reli kufikiriwa, hawakuhesabiwa kuwa wafanyabiashara hata kidogo.

Baada ya vita, sheria ya mwaka 1945 ilifungua njia ya Waafrika kuandikisha vyama vya ushirika, na askari waliorudi walifungua maduka mengi kwa malipo yao ya vita. Mengi yalifungwa upesi. Mwaka 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, aliandikisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, yenye hisa za watu wa kawaida. Ilichukua njia nyingine: haikungoja kupewa mkopo, ila ilikusanya akiba ya wengi. Iliendesha maduka, na katika Nairobi iliendesha kiwanda cha kupiga chapa, Ramogi Press. Faida haikuwa kubwa kama ilivyotumainiwa, na wenye hisa walikuwa na haki ya kunung'unika. Lakini gazeti kwa lugha ya nyumbani ni kitu ambacho hakuna tajiri wa jumla angewapa kwa ahadi.

Mwaka 1965, vyama vya biashara vya Waafrika, Waasia na Wazungu viliunganishwa kuwa Chama cha Taifa cha Biashara na Viwanda cha Kenya. Miaka miwili baadaye ikapitishwa sheria ya laiseni za biashara, iliyowazuia wasio raia katika sehemu kadhaa na bidhaa kadhaa, na maduka mengi yakabadili wenyewe. Tangu katiba ya mwaka 2010, laiseni, masoko na vyama vya ushirika vimo katika kazi za serikali za kaunti. Yaani yule anayetaka choo sokoni, au paa juu ya wauza samaki, hana tena haja ya kuandikia Nairobi; mlango wa kugonga uko Kisumu, Siaya, Homa Bay au Kakamega.

Tukimrudia yule mama wa samaki, jibu letu ni kwamba aulize chama hicho mwaka huu kimedai nini, na kwa ajili ya nani.

Mwisho twawaomba wazee. Kama kuna aliye na cheti cha hisa za zamani, barua ya kupewa ploti ya soko, au daftari la duka la baba yake, amwonyeshe Mwandishi wa chama ili ipigwe nakala. Karatasi yenyewe itarudishwa kwa mwenyewe siku ile ile.