Ugonjwa wa Moyo Uliotafutiwa Mchawi

Mtu akivimba tumbo na kukosa pumzi, majirani wana jibu tayari: amelogwa, ama kalishwa sumu. Akifika kliniki anaweza kusikia lingine: ni chakula chako. Lakini kuna ugonjwa mmoja wa moyo ambao hata mabingwa wameutafutia sababu kwa miaka zaidi ya 70, na bado hawajakubaliana.

Mwaka 1948, Daktari J.N.P. Davies, aliyekuwa akichunguza maiti mjini Kampala, alieleza mioyo ambayo utando wake wa ndani umegeuka kovu gumu. Moyo wa namna hiyo haupanuki vizuri kupokea damu, basi maji yanajaa tumboni. Kwa kifupi ugonjwa huo unaitwa EMF. Huwakamata zaidi watoto na vijana wa familia maskini.

Miaka ya 1960 watafiti wa Kampala waliona jambo. Wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi, waliokuja kulima pamba na kahawa Buganda, waliugua zaidi kuliko Waganda wenyeji. Kwa nini wao?

Wengine walisema ni ndizi, kwa sababu zina kemikali iitwayo serotonini. Lakini Waganda ndio wala matoke wakubwa, mbona wao waliugua kidogo? Wengine wakasema ni mihogo bila protini ya kutosha. Sawa, lakini mihogo inaliwa nchi nyingi ambako EMF ni nadra. Wapo waliosema ni minyoo, maana minyoo huongeza aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazoweza kuumiza moyo. Ila wagonjwa wengine hawana chembe hizo kwa wingi. Huko Kerala, India, wakasema ni madini ya seriamu yaliyo ardhini. Kila jibu lina tundu lake.

Mwaka 2008, Ana Mocumbi na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu 1,063 kwa ultrasaundi huko Inharrime, Msumbiji. Karibu 20 kati ya kila 100 walikuwa na EMF, na wengi wao hawakujisikia kuumwa. Maana yake ugonjwa huanza kimya, kabla tumbo halijavimba na kabla jirani hajanyooshewa kidole.

Linalorudi kila mahali ni umaskini. Kerala, maisha yalipoboreka, wagonjwa walipungua, ingawa hakuna aliyethibitisha kemikali wala mdudu.

Basi ndugu zangu, anayevimba tumbo apelekwe mapema, apimwe moyo na ini. Tusimfukuze bibi wa watu kwenye nyumba yake kwa uchawi usiokuwepo. Nanyi wafanyakazi wa mashirika, kabla hamjamlaumu mama kwa ugali wa muhogo, muulizeni kwanza kama alikuwa na kingine cha kupika.