Shilingi za Mlangoni

Wazee wetu watakumbuka ya kuwa mwaka 1965 Serikali ya Kenya iliondoa ada ya shilingi 5 kwa wagonjwa wasiolazwa. Mtoto mwenye homa na babu yake mwenye kikohozi wakatibiwa bila kuulizwa fedha. Desemba 1989 ada ikarudi. Katika zahanati moja ya Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa, wanaume waliofika wakapungua hata chini ya nusu. Maradhi yenyewe hayakupungua. Yalikwenda nyumbani kwa wake zao. Mwaka 2013 zahanati za serikali zikawa bure tena, na uzazi vilevile. Hata hivyo tumewakuta akina bibi wangali wakifunga shilingi katika ncha ya leso wakienda kutibiwa, wala hawasadiki wakiambiwa hazitakiwi.