Bastola ya marisawa: silaha moja, mafungu mawili ya forodha

Bastola ya marisawa ni bastola ya silinda inayofyatua risasi za kawaida za bastola na pia risasi za bunduki ya marisawa. Inayojulikana zaidi ni Judge ya kampuni ya Taurus ya Brazil, iliyopewa jina hilo mwaka 2006. Kampuni ilieleza kuwa jina lilitokana na majaji wa Miami, Marekani, waliokuwa wakiinunua kujilinda. Mwaka 2011 Smith & Wesson ya Marekani ilileta Governor, inayobeba risasi sita, moja zaidi ya Judge.

Silinda yake ni ndefu ili iingie risasi ya marisawa ya .410, yaani kipenyo cha milimita 10.4, pamoja na risasi ya .45 Colt iliyotumika tangu miaka ya 1870. Kwa kuwa vipenyo vinakaribiana, chemba moja huzipokea zote.

Mtutu una mifereji, na hapo ndipo biashara ilipojengwa. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1934, bunduki fupi ya marisawa yenye mtutu laini huhitaji usajili maalumu. Mifereji huifanya Judge ihesabiwe kuwa bastola ya kawaida. California haikubali hoja hiyo. Huko silaha inayofyatua marisawa kwa mtutu wa chini ya inchi 18 imepigwa marufuku, uwe na mifereji au usiwe nayo.

Mifereji hiyo hiyo ndiyo udhaifu wake. Huyazungusha marisawa yakatawanyika upesi, hivyo nguvu yake ni ya mita chache tu. Anayedhani hahitaji kulenga anajidanganya. Risasi ya inchi 2.5 yenye marisawa makubwa huwa na punje nne tu, na zisizompata mlengwa huenda kwa wapita njia.

Mfyatuaji hushika kwa mikono miwili, huvaa kinga ya macho na masikio, na huweka vidole mbali na mwanya kati ya silinda na mtutu, kwani hutoka gesi ya moto. Aidha, urefu wa risasi ya marisawa hupimwa ganda likiwa limeshafunguka. Ya inchi 3 inaweza kuonekana inaenea kwenye silinda ya inchi 2.5, lakini ikifyatuliwa haina nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Kipimo kilichochorwa kwenye silaha ndicho cha kufuata.

Kwa forodha, bastola iko kwenye fungu 9302 na bunduki za marisawa 9303. Risasi za marisawa ni 9306.21, za bastola 9306.30. Mzigo mmoja wa silaha hii na risasi zake mbili hugusa namba tatu, na ankara isiyozitenganisha huleta maswali.

Kwa msafirishaji anayetaka kuibeba kujilinda barabarani, tatizo liko mpakani. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Uganda ina yake ya mwaka 1970. Leseni ya Arusha haimpi dereva haki ya kuvuka Namanga na bastola ndani ya kebini. Asiye na kibali cha nchi anayoingia hushtakiwa kwa kumiliki silaha isivyo halali, hata kama kwao ameisajili, na lori lenye mzigo wa mteja hubaki kituoni likisubiri.