Kisiwa Kilichokuwa Kaya ya Mzee Saanane

Ndugu zetu wa Kamanga, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kila tunapopanda kivuko kwenda mjini tunavuka Ghuba ya Mwanza, na ndani ya ghuba hiyo kimo kisiwa cha Saanane. Wengi wetu tulipelekwa huko na shule. Tulitazama simba kizimbani na pimbi juu ya mawe, tukarudi na hadithi za simba. Ni wachache tulioambiwa kwamba Saanane ni jina la mtu.

Mzee Saanane alikuwa mvuvi na mkulima, na kisiwa kile kilikuwa kaya yake. Mwaka 1964 Serikali ilikichukua, ikamlipa fidia, ikaanzisha hapo bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, maji yakiwemo. Leo wageni wanalipa kiingilio, wanapandishwa boti, wanakaa kwenye mawe kuangalia jua likizama.

Hatusemi ilikuwa vibaya. Watoto wa Kanda ya Ziwa wamejifunza mengi pale. Lakini jina la mzee limebaki kwenye kibao, wakati habari za kaya yenyewe, mashamba yaliishia wapi, makaburi yako wapi, nani alizaliwa pale, mgeni hazikuti. Na hizo ndizo habari ambazo sisi tungependa kuzisoma.

Tunaliandika hili mwaka huu kwa sababu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na wapo wanaosema Kamanga sasa itasahaulika. Sisi tunaona vingine: anayetaka ziwa bado atakuja ziwani. Tayari mazungumzo ya kugeuza nyumba za wazazi kuwa nyumba za kulala wageni yamekuwa mengi, hasa kwenye misiba, ambako ndiko tunakokutana wote. Hapo ndipo pa kuangalia. Nyumba ya baba ina watoto saba, aliyebaki nyumbani ni mmoja, na mwenye mtaji anakuja na karatasi ya kusaini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu familia kupewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa pamoja, majina yote yakiandikwa. Pia tukumbuke mita 60 kutoka ufukweni, ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inazilinda. Ukijenga vyumba ndani ya hizo umejenga hasara.

Kwa hiyo sehemu ya michango ya harambee ya safari hii itasaidia kaya zisizo na uwezo kulipia upimaji na hati. Siku hiyo kutakuwa na meza na daftari kubwa. Njooni na wazee, na picha za zamani kama zipo. Aliyekumbuka mpaka wa mji wa babu yake, aseme, uandikwe.