Mjusi wa Tendaguru na Stoo za Berlin

Kila suala la mjusi wa Tendaguru linapoibuka bungeni au magazetini, mjadala huishia kwenye swali moja: arudishwe au asirudishwe? Ni swali la haki, na anayeliuliza hapaswi kubezwa. Hata hivyo linatazama ukumbi wa maonyesho peke yake. Kiini cha makumbusho ya viumbe ni stoo zake na madaftari yake, na nadhani huko ndiko Tanzania ina dai kubwa zaidi ambalo bado halijasemwa kwa sauti ya kutosha.

Tuanze na ukumbi wenyewe. Dinosaria anayewapokea wageni katika Museum für Naturkunde jijini Berlin ndiye mjusi huyo wa Tendaguru, Giraffatitan brancai, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Kimo chake ni mita 13.27, na alisimikwa mara ya kwanza mwaka 1937. Wageni wengi humpiga picha wakapita. Anayetulia na kumkagua atagundua kwamba kiunzi hicho si cha mnyama mmoja. Sehemu kubwa ni ya mnyama mmoja, lakini mapengo yamezibwa kwa mifupa ya wenzake. Pingili za shingo ni za kuundwa, maana zile halisi ni nzito na dhaifu mno kuinuliwa juu kiasi hicho. Kichwa nacho ni nakala. Hivyo, hata Ujerumani ikikubali kesho, itabidi tuulize: mifupa ipi, ya mnyama yupi, kutoka shimo lipi?

Majibu yamo katika kumbukumbu za uchimbaji wa 1909 hadi 1913. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907, na Kusini bado ilikuwa inauguza vifo na njaa, pale Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walipopiga kambi Tendaguru, mkoani Lindi. Vibarua walifikia mamia. Mifupa ilifungwa kwa plasta na mianzi, kisha wapagazi wakaibeba mwendo wa kilomita 60 hivi hadi bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye baadaye Waingereza nao walimtegemea walipokuja kuchimba hapo katika miaka ya 1920. Wazungu wawili au watatu wasingeweza kusimamia mashimo mengi kwa wakati mmoja. Kutambua mfupa ardhini, kuutoa bila kuuvunja na kuufunga ilikuwa kazi ya watu kama Boheti.

Thamani ya kumbukumbu za namna hiyo ilidhihirika kwa njia chungu. Mabomu ya mwaka 1945 yalibomoa sehemu ya jengo la makumbusho, na vifurushi vya plasta vya Tendaguru vikachanganyika na vya Halberstadt, Ujerumani. Miongo mingi baadaye kifurushi kimoja kisicho na lebo kilipigwa picha kwa mashine ya CT. Pingili iliyoonekana ndani ililinganishwa na mchoro wa zamani wa wachimbaji wa Halberstadt, ikabainika kuwa ni ya huko. Bila mchoro ule, mfupa huo ungebaki jiwe lisilo na kwao.

Stoo hizo hizo bado zinazaa elimu mpya. Mwaka 2007 mifupa iliyokaa humo karibu karne nzima ilipewa jina Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 ikafuata Wamweracaudia keranjei, inayowaenzi Wamwera na Mohammadi Keranje, msimamizi wa shimo ilikotoka. Nayapokea majina hayo kwa furaha ya dhati. Ila linaniuma kwamba waliofungua makabati, wakalinganisha na kuandika, ni wataalamu wa Ulaya, huku mwanafunzi wa jiolojia wa Dar es Salaam akiisoma Tendaguru kwa mbali.

Wapo watakaosema kudai madaftari ni kuipa Berlin kisingizio cha kubaki na mifupa. Sioni hivyo. Mdai asiye na orodha hupewa kile mdaiwa anachopenda kutoa. Tudai kwanza orodha kamili ya kila kilichotoka Tendaguru, pamoja na vifurushi ambavyo havijafunguliwa; nakala za madaftari, ramani na michoro, zikiwa na tafsiri ya Kiswahili; na nafasi za kudumu za Watanzania katika utafiti wa mikusanyo hiyo. Nakala ya orodha hiyo iwekwe Lindi pia, ambako wajukuu wa wapagazi wangali wanaishi.