Sikukuu ya Marejeo: Krismasi Katika Vihamba vya Kilimanjaro

Wahenga wa pwani walinena, "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Walimsema baharia ambaye, ajapotembea chomboni toka nyuma hata mbele, mwishowe hana budi kurudi ngamani, mahali pa chini yanapokusanyika maji. Watu wengi huitumia methali hii kwa maana ya kurudi kwenye asili, na husahau kwamba ngamani si mahali pa kupumzikia. Ni mahali pa kazi, kwa kuwa maji yasipotekwa na kumwagwa, chombo huzama.

Methali hiyo ilizaliwa baharini, lakini mfano wake ulio dhahiri huonekana kila mwaka mbali na bahari, katika mitelemko ya mlima Kilimanjaro. Ifikapo Desemba, wana wa mlima waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na hata nchi za ng'ambo hufunga mizigo yao na kurejea migombani kwa ajili ya Krismasi, ambayo wengine huiita Noeli. Nyumba zilizokuwa na wazee wawili tu hujaa watoto wasiojuana majina. Insha hii inakusudia kueleza jinsi sikukuu iliyoletwa na wageni ilivyogeuka kuwa sikukuu ya marejeo, na kuonyesha kipi ndani yake ni kiini na kipi ni ganda.

Yafaa tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya wageni. Mchagga wa zamani aliishi katika kihamba, yaani shamba la migomba lililozunguka nyumba yake, ambalo alilirithi kwa baba yake naye akakusudia kuwaachia wanawe. Humo humo walizikwa wazee wake. Maji yalifika kihambani kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na kutunzwa kwa kazi ya pamoja, na asiyetoka kuuzibua mfongo hakuwa na uso wa kudai maji. Mnyama alipochinjwa, nyama haikuliwa kiholela, bali kila sehemu ilikuwa na mwenyewe kwa mujibu wa cheo na udugu. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, ilinywewa kwa taratibu zake, na wafu nao walikumbukwa. Basi watu hawa hawakungoja kufundishwa na mgeni maana ya ushirika wala ya shukrani.

Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huo mwaka 1848. Mwaka 1885 Waanglikana walifungua kituo Moshi, katika nchi ya Mangi Rindi. Mwaka 1890 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema, na mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi yao Machame. Hao ndio walioileta sikukuu ya kuzaliwa kwa Kristo. Lakini tusiisimulie habari hii kana kwamba ilikuwa nyimbo na mishumaa tu. Zama hizo hizo ndizo za majeshi ya Wajerumani, na mwezi Machi mwaka 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Sikukuu ya amani ilifika katika nchi ambayo amani yake ilikuwa imevunjwa. Mwanafunzi wa historia hana budi kuyashika mambo haya mawili pamoja, wala asiache moja lifunike lingine.

Ilikuwaje basi sikukuu hiyo ikapata mizizi? Sababu ya kwanza ni kwamba ilipandwa katika udongo uliokwisha kulimwa. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuondoka mwaka 1938, baada ya kuishi huko kwa vipindi, alitambua kwamba jamii ya Wachagga ilishikiliwa na nguzo tatu: ukoo, ujirani na rika. Akafundisha kwamba usharika ujengwe juu ya nguzo hizo badala ya kuzivunja. Hata hivyo nguzo zilikuwa za Wachagga wenyewe, na yeye alikuwa na busara ya kuziona.

Sababu ya pili ni jaribio lililotokea baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig walifukuzwa nchini na Waingereza. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu Waafrika, ambao wengi wao hawakuwa wamewekewa mikono ya uchungaji. Walimu hao waliendelea kufundisha na kuongoza ibada, na jambo walilotarajia maadui, yaani kutawanyika kwa waumini, halikutokea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wajerumani waliondolewa tena, na mara hiyo pia kazi ilisimama. Hapana shaka kwamba sikukuu inayoweza kuadhimishwa bila aliyeileta si mali ya mgeni tena. Hilo ndilo tumaini katika maana yake ya kweli: kuendelea kuitunza taa wakati aliyeiwasha ameondoka.

Sababu ya tatu ni ya uchumi, nayo ndiyo iliyoigeuza Krismasi kuwa sikukuu ya marejeo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa, iliyoanza kupandwa misheni mwishoni mwa karne ya 19, ilienea katika vihamba. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Fedha ya kahawa ikajenga shule, na shule ikawatoa vijana mlimani. Wakati huo huo ardhi ilikuwa ikipungua. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliokuwa na haki kubwa zaidi katika ardhi ya baba. Waliozaliwa katikati walilazimika kutafuta riziki kwingine, na kadiri vihamba vilivyozidi kugawanywa, ndivyo waliotoka walivyozidi kuwa wengi. Jamii iliyofumwa kwa kihamba ikajikuta watoto wake hawawezi tena kukaa kihambani. Ilihitaji siku moja ya kuwakusanya. Desemba ikafaa, maana shule zimefungwa na ofisi nyingi zimepunguza kazi. Krismasi ikabeba mzigo ambao zamani ulibebwa na maisha ya kila siku.

Mimi si mzawa wa mlima huo. Nilifika Moshi kwa uhamisho wa kazi ya serikali, nikapata kualikwa kula Krismasi nyumbani kwa mzee mmoja wa mitelemkoni. Alikuwa na wana wawili ambao hawakusalimiana kwa miaka kadhaa kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Mpaka huo uliwekwa alama kwa masale, mmea wenye majani marefu ambao Wachagga huupanda mipakani na makaburini. Asubuhi ya sikukuu mzee alikwenda mpakani, akachuma jani la sale, akampa mdogo amkabidhi mkubwa. Kwa mila, jani hilo ni ombi la msamaha, na anayepewa haifai akatae. Mkubwa alilishika kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akasema kwamba shauri la mpaka lingali pale pale na litapelekwa kwa wazee baada ya sikukuu, lakini leo watakula sahani moja. Wakala mtori, na mama yao akaondoka mezani upesi ili watu wasimwone akilia.

Nimelifikiri sana jani lile. Mmea ule ule uliotenganisha vihamba viwili ndio uliochumwa kupatanisha ndugu wawili. Wala upatanisho haukuufuta mpaka. Uliwapa tu njia ya kuuzungumzia kama ndugu. Jani hilo halikuja na wamisionari. Lakini siku iliyowaleta ndugu hao chini ya paa moja ilikuwa ni Krismasi. Huo ndio mfano wa mila mbili zinazofanya kazi moja.

Siku ile niliona jambo jingine ambalo watu wa Tanzania hulijua hata hawalioni tena. Mbuzi alichinjwa na jirani Mwislamu, ili nyama iwe halali kwa kila atakayeketi. Desturi hiyo haipo Kilimanjaro peke yake. Imeenea sehemu nyingi za nchi, na ifikapo Idd, sahani hurudi kwa njia ile ile iliyopita. Hakuna sheria iliyoiamuru. Ni adabu ya ujirani, nayo ni johari.

Mwanafunzi anaweza kuuliza: je, jambo lililotoka nje laweza kuwa utamaduni wetu? Tumjibu kwa historia. Huko Roma kwenyewe, kumbukumbu ya kwanza ijulikanayo ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba ni ya mwaka 336, zaidi ya karne tatu baada ya Yesu. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi alitengeneza hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda, ili wanakijiji waione habari hiyo kwa macho yao. Kila taifa limeivika sikukuu hii vazi lake. Nchi yetu ilipokuwa Jamhuri mwaka 1962, Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akakumbusha kwamba kujifunza kwa wengine si kuacha vyetu. Mila hai ni kama mgomba: hutoa chipukizi jipya pembeni, lakini shina ni lile lile.

Hata hivyo tusisifu bila kupima. Katika marejeo ya Desemba yamo majivuno pia. Wako wanaorudi kuonyesha magari, na wako wanaotumia kwa juma moja akiba ya mwaka mzima, kisha Januari wakakosa ada za shule. Na yuko mtu mmoja ambaye hatumwoni kwa kuwa hayupo: yule ambaye mji haukumpa kitu, akaona haya kurudi mikono mitupu, akabaki huko peke yake. Sikukuu ikimfungia mlango mtu huyo, imekwisha kupoteza kiini na kubaki ganda. Mtoto aliyezaliwa katika zizi, kadiri ya simulizi yenyewe, hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Nakumbuka Desemba ya mwaka 1978 nilipokuwa mtoto. Vijana wetu walikuwa vitani huko Kagera, na nyumba nyingi nchini zilikuwa na kiti kisichokaliwa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba, hata sukari na sabuni zikawa vitu vya kupangia foleni. Lakini sikumbuki mwaka ambao shukrani ilitamkwa kwa sauti ya dhati zaidi. Watu hawakushukuru kwa wingi wa vitu. Walishukuru kwa kila aliyekuwapo, na walimtaja kwa jina kila asiyekuwapo.

Walimu wanaosoma insha hii waweza kuwapa wanafunzi wao kazi rahisi. Kila mmoja na amwulize bibi au babu yake: katika kijiji chetu, ni siku gani watu walirudiana, na walipatana kwa kitu gani? Wengine watajibu Krismasi, wengine Idd, wengine mavuno, wengine matanga. Majibu hayo yakiandikwa na kuwekwa pamoja, yatakuwa sehemu ya historia ya taifa ambayo haijapata kuandikwa.

Turudi basi kwenye chombo. Marejeo ni ngamani, na ngamani kuna maji: kinyongo cha mwaka mzima, mipaka isiyozungumzwa, ndugu asiyeulizwa habari. Anayerudi kula tu amefanya nusu ya safari. Anayerudi akashika chombo cha kutekea maji pamoja na wenzake, huyo ndiye aliyefika nyumbani.